Kibali cha Mama Subiri

Mimi nilikuwa karani wa masijala, na masijala yetu ilitenganishwa na chumba cha swichibodi kwa ukuta wa plaiwudi ambao haukufika darini. Kwa hiyo kwa miaka kumi na minne nilimsikia Mama Subiri kuliko nilivyomsikia mke wangu, na mke wangu si mtu wa kunyamaza.

Jina hilo alipewa na wateja. Kampuni yetu iliuza pampu za maji na mabomba. Tulikuwa na ghorofa tatu, simu hamsini na mbili na laini za nje nane tu, na kila aliyepiga alikutana kwanza na sauti yake ikimwambia, taratibu kabisa, asubiri kwenye laini. Alilisema neno hilo kwa namna ambayo mtu alisubiri kweli, na wengine walisahau hata walichopigia. Muuzaji mmoja wa nati na boliti alifunga safari kutoka mji mwingine kuja kumwona mwenye sauti, chupa ya manukato mkononi. Akamkuta mama wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu, miguu iliyovimba imo ndani ya ndara, anamenya chungwa. Yule bwana akauliza kama amekosea jengo. Akaambiwa hajakosea, asubiri, naye akasubiri saa nzima kabla ya kujielewa na kuondoka. Manukato aliyaacha mapokezi.

Mama Subiri alikuwa ametimiza miaka ishirini na mitatu kwenye kiti kile, na ilibaki mitatu tu astaafu. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, masikio yamechoka kwa kelele za vyuma, na wenye midomo yao walisema ndiyo siri ya ndoa kudumu. Binti yake wa kwanza alinisimulia kwamba nyumbani kwao walilelewa kwa foleni. Ukitaka kusema na baba unaambiwa ngoja, baba ana mtu.

Lakini lililonitia hasira na kunichekesha kwa pamoja lilikuwa suala la karatasi. Mama Subiri hakufanya jambo bila karatasi. Ukitaka akupigie simu ya nje ya mji, anauliza karatasi iko wapi. Siku transfoma ilipotoa moshi nyuma ya jengo, aliwapigia zimamoto mara moja, hilo simnyimi, ila moto ulipozimwa alimfuata mlinzi hadi getini na fomu, asaini kwamba ni yeye aliyeomba simu ipigwe. Mlinzi akasaini huku nyusi zake bado zinanuka moshi.

Ndipo akaja meneja mpya. Tulimwita Bwana Ufanisi, kwa kuwa hakuweza kumaliza sentensi tatu bila neno hilo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na kwangu mimi hao ndio wanaonichosha zaidi, maana mbaya unamjua na unamkwepa. Bili ya simu ya mwezi wake wa kwanza ilikuja nene kama daftari la shule. Akaenda nayo nyumbani kuisoma, na aliporudi alikuwa na mpango. Utanunuliwa mtambo mpya wa simu. Namba zinazopigwa mara kwa mara zitafupishwa ziwe za tarakimu mbili, ili kila mtu ajipigie mwenyewe bila kupitia kwa opereta. Tena simu zote zitafungwa kwa madaraja: nyingine zipige ndani ya jengo tu, nyingine mjini, nyingine nchi nzima, na chache sana nje ya nchi. Kazi ya kuupanga mtambo akapewa Mama Subiri, kwa sababu ndiye aliyejua nani humpigia nani.

Siku mbili baadaye barua ikapita mezani kwangu. Masijalani hupita kila karatasi, hata ile iliyogongwa muhuri wa siri. Maana ya siri kwetu ilikuwa kwamba nimeisoma mimi peke yangu. Ilitoka kwa ofisa utawala, ambaye ofisi yake ilikuwa bohari kuu, upande wa pili wa mji, na ilikuwa na saini ya meneja. Ilisema nafasi ya opereta itafutwa mwisho wa mwezi, mtambo ukishakamilika, na mhusika ataarifiwa siku hiyohiyo. Yaani mwanamke amekabidhiwa koleo na kuambiwa achimbe, ila haambiwi shimo ni la nani. Nikaiweka kwenye faili lake, nikalifungia kabatini, nikafyata mkia. Nilikuwa na watoto wanne shuleni na moyo wa kuku. Nalisema hili bila kupamba kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa.

Fundi aliyeleta mtambo alifunga sanduku la chuma ukutani, taa za kijani zikaanza kukonyeza, akaacha kitabu cha maelekezo cha kurasa mia tatu, akasema kazi ni rahisi. Mafundi husema hivyo mkoba ukiwa tayari begani. Mama Subiri akavaa miwani, akachukua rula na kalamu nyekundu, akaanza ukurasa wa kwanza. Kwa siku tisa nilimsikia akibonyeza, pi, pi, pi, halafu mlio mrefu wa kukataliwa. Alikuwa akiusema ule mtambo kama anavyomsema mkwe wake, kwa adabu lakini bila kuuonea haya. Umekataa nini sasa, nimekufuata ukurasa wa arobaini na moja, mstari kwa mstari.

Meneja alikuwa akipita kila asubuhi kumtazama, na kila asubuhi alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama, wewe ndiye nguzo ya kampuni hii. Upande wangu wa plaiwudi nilikuwa nikitoboa karatasi, na siku moja nilijitoboa kidole.

Kuhusu namba fupi, nafasi zilikuwa tisini na tisa, na hapo ndipo wakubwa walipoonyesha umri wao wa kweli. Kila mkuu wa idara alitaka mteja wake awe sifuri moja. Mkuu wa mauzo alisema mteja wake ni serikali ndani ya serikali. Mhasibu akasema bila benki hakuna mauzo. Mkuu wa usafirishaji alinuna tu, akakataa kusalimia watu. Mama Subiri hakubishana na mtu. Alitoa madaftari yake ya miaka sita, ambamo kwa kila simu aliyounganisha alichora kijiti, akakaa siku mbili akihesabu vijiti. Ikaonekana namba iliyopigwa kuliko zote katika historia ya kampuni ni ya fundi wa kuzibua vyoo. Akampa sifuri moja, bila kupepesa macho.

Mkuu wa mauzo akashuka na orodha mkononi, amefura. Akataka kujua kampuni ya mabomba itaweka wapi uso wake watu wakisikia. Mama Subiri akamjibu kwamba mabomba ya kuuza ni mazuri sana, hana neno nayo, ila vyooni tumefungiwa yale yaliyorudishwa na wateja. Mteja wake mkubwa akapewa sifuri mbili.

Mtambo ule ulikuwa na tabia moja ya kujua: namba fupi ilipita hata kwenye simu iliyofungwa. Mlinzi wa geti, ambaye simu yake iliruhusiwa ndani ya jengo tu, angeweza kubonyeza sifuri moja na fundi wa vyoo akapokea. Kwa sababu hiyo Mama Subiri alikataa katakata kuingiza humo namba yoyote ya nje ya nchi, hata ya mwenyekiti wa bodi, ambaye wakati huo alikuwa ng'ambo akitibiwa macho. Alisema hataki mlinzi amwamshe mzee wa watu usiku wa manane kumuuliza hali ya hewa.

Baada ya hapo ukaja waraka wa kufunga simu. Meneja aliuandika mwenyewe na aliupenda. Ulisema kwamba kuanzia Jumatatu ya wiki ya mwisho, hakuna simu yoyote itakayopiga nje ya jengo bila kibali cha maandishi kilichosainiwa na mkubwa wa mhusika, na nakala ya kila kibali cha nje ya nchi iende kwa mkaguzi wa bodi. Mama Subiri aliusoma mara tatu. Akaniomba nakala yenye muhuri. Halafu akapiga chapa fomu ya kibali, aliyoibuni mwenyewe: jina, cheo, daraja linaloombwa, sababu, muda, saini ya mkubwa. Chini akaongeza kwamba sababu na muda viandikwe kwa mkono wa mwenye kusaini. Niliona ni yaleyale ya siku zote.

Wiki iliyotangulia Jumatatu hiyo swichibodi iligeuka zahanati. Watu walipanga foleni na fomu zao, na kila fomu yenye sababu nyembamba ilirudishwa. Dereva mkuu alileta fomu ambayo mkubwa wake alikuwa ameiandika "dharura". Akaulizwa dharura ipi. Akaipeleka tena, ikarudi imeandikwa "dharura ambazo bado hazijatokea", na Mama Subiri akaikubali kwa kuwa angalau ilikuwa kweli. Mkuu wa mauzo aliomba nje ya nchi, sababu: hadhi. Akaishia nchi nzima. Mimi niliomba daraja la mjini ili niweze kumwarifu mke wangu ninapochelewa. Mama Subiri akaniambia hiyo mke wangu anaijua bila simu, akanibakiza ndani ya jengo.

Kibali kimoja tu hakikuletwa, nacho ni cha meneja. Mama Subiri alimwandikia kumkumbusha mara mbili, na mara mbili nilipeleka karatasi hizo mwenyewe. Meneja aliona zimetoka swichibodi, akasaini kwamba amezipokea, akaziwekea glasi ya maji juu.

Jumatatu ikafika. Siku hiyo kulikuwa na zabuni ya pampu za maji za hospitali saba, iliyokuwa ifungwe saa sita mchana, na bei ya mwisho lazima itoke kinywani mwa mwenyekiti. Mwenyekiti naye alikuwa anaingizwa chumba cha upasuaji saa tano. Simu za mkononi miaka hiyo zilikuwa za watu wawili watatu, nzito kama tofali, na meneja wetu hakuwa miongoni mwao. Saa nne na robo akanyanyua mkono wa simu, akabonyeza, akasikia sauti tamu aliyoifahamu vizuri, iliyorekodiwa ndani ya mtambo, ikimwambia samahani, simu hii haina kibali cha kupiga nje, tafadhali mwone mkubwa wako. Akajaribu ya katibu muhtasi. Akakimbilia ya mkuu wa mauzo. Nchi za nje, jengo zima, mlango ulikuwa umefungwa.

Alishuka ngazi mbilimbili. Nilimsikia kabla sijamwona, na nikasimama juu ya kiti nichungulie, kwa maana nilijua siku ya mama wa watu imefika kabla ya mwisho wa mwezi.

"Fungua simu yangu," alisema meneja.

"Naomba kibali, bosi."

"Mimi ndiye ninayetoa vibali."

"Vya walio chini yako. Waraka wako unasema mkubwa wa mhusika." Akaunyoosha ule waraka wenye muhuri juu ya meza, kidole kwenye mstari. "Wewe mkubwa wako nani?"

Meneja akasema ni mwenyekiti, na mwenyekiti yuko ng'ambo, na ndiye anayetaka kumpigia. Mama Subiri akasema pole. Alisema kwa moyo wote, na hapo niliona jasho jembamba likimtoka meneja kwenye masharubu. Akauliza, basi hiyo swichibodi, yenyewe si inapiga popote. Mama Subiri akaeleza kwamba ilikuwa inapiga, lakini waraka umesema simu yoyote, kwa hiyo ya kwake ndiyo aliyoifunga ya kwanza. Kibali chake kiko bohari kuu kwa ofisa utawala, na ofisa utawala kwa wiki ya pili sasa anasema atasaini kesho. Hapo nikashuka kitini. Nilijua kwa nini ofisa utawala hasaini. Nani ampe kibali mtu anayeondoka? Meneja naye alijua, na nilipochungulia tena alikuwa anatazama sakafu.

Saa ya ukutani ikafika nne na dakika ishirini.

"Mimi si mkubwa wako?" aliuliza.

"Wewe ni mkubwa wa wote, bosi."

"Lete fomu."

Fomu ilitoka mtotoni mwa meza upesi kuliko karatasi yoyote niliyowahi kuona ikitoka pale, ina kaboni mbili tayari, jina na cheo vimeshajazwa. Meneja akashika kalamu. Kwenye sababu akaandika "kazi". Mama Subiri akamwambia kwa upole kwamba neno hilo haliwezi kupita, dereva mkuu alirudishiwa lililo zuri zaidi. Meneja akauma meno, akaandika kwa hasira mstari mzima: "Kampuni haiwezi kuendesha kazi zake bila opereta." Kwenye muda akaandika "leo".

"Ukiandika leo, bosi, kesho naifunga tena. Na mwenyekiti akitoka upasuaji akataka kukupata?"

Akakata neno "leo". Akatazama saa. Akaandika: "Mpaka atakapostaafu."

"Weka saini ndogo hapo ulipokata," alisema Mama Subiri. "Kaka, muhuri."

Mimi ndiye kaka. Karatasi ikapita juu ya plaiwudi, nikaigonga nakala zote tatu, nikaandika saa nne na dakika ishirini na sita. Kwa haraka nikamwaga wino kwenye shati. Mama Subiri akaweka hedifoni, akabonyeza kitufe kimoja kirefu, kisha vifupi, na mtambo safari hii haukumkatalia. Sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya wateja. Akawaambia hospitali ya ng'ambo wasubiri kwenye laini, na wakasubiri. Meneja akasema na mwenyekiti akiwa amekalia kiti cha Mama Subiri, mwenye kiti amesimama kando, anafuta vumbi. Bahasha ya zabuni ilifika dakika saba kabla ya kufungwa. Tulipata hospitali nne kati ya saba.

Siku ya mwisho ya mwezi meneja alikuja masijala, akaomba faili la opereta. Nikamfungulia. Faili hupangwa kwa tarehe, ya karibuni juu, kwa hiyo alichokutana nacho kwanza ni mwandiko wake mwenyewe. Akausoma kwa muda ambao sijawahi kumwona akisoma kitu. Chini ya karatasi ile ilikuwa barua ya kufuta nafasi, nayo ina saini yake, na baina ya saini hizo mbili hazikupita wiki nne. Akaniuliza kama kuna nakala nyingine ya kibali. Nikamjibu ya pili imeenda kwa mkaguzi wa bodi, kama waraka ulivyoagiza kwa simu za nje ya nchi, na ya tatu anayo Mama Subiri mwenyewe. Akaichomoa barua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akaniambia faili liko vizuri, akaondoka.

Nikakaa. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, lakini furaha ilikuwa na mwiba ndani yake. Nikazunguka plaiwudi, nikakaa kwenye kiti cha wageni, nikamwambia yote: barua ilivyokuja, nilivyoisoma, nilivyoifungia, nilivyokula naye mchana kila siku nikiwa nayo kabatini. Nikamwambia nimejiona mnafiki na naona aibu. Alikuwa anafuta mkono wa simu kwa pamba yenye spiriti, na hakuacha kufuta.

"Ile barua bosi alimsomea ofisa utawala kwa simu," alisema. "Neno kwa neno, na nukta zake. Unadhani nani aliwaunganisha?"

Nikamuuliza sasa kwa nini alijichosha siku tisa zile na rula mkononi, kwa nini aliupanga mtambo vizuri hivyo, wakati angeweza kuuharibu kwa kidole kimoja. Akasema kazi ile alipewa kwa maandishi, na iliyoandikwa anaimaliza. Kuhusu ile habari ya kuachishwa kazi hakupewa karatasi, kwa hiyo ilibidi aitafutie karatasi yake.

"Kwa hiyo ulijua kwamba mimi najua," nilisema.

"Barua zote si zinapita kwako? Wiki ya kwanza nilikukasirikia, sikufichi. Nilitaka hata kukuhama mezani." Akarudisha mkono wa simu mahali pake. "Halafu nikaona unanisalimia huku unatazama viatu, chakula hakikushuki, umekonda. Nikasema huyu naye amebebeshwa mzigo. Mzigo wangu mimi una fomu. Wake atausaini nani?"

Laini ya tatu ikawaka, akavaa hedifoni, akapokea.